Kete Ina Mdomo

Wenzangu wa kalamu, leo sina shairi wala hadithi. Nina ugomvi. Nagombana na watu wa aina tatu, na wote watatu mnawajua.

Wa kwanza yuko kijiweni. Ukimtajia sataranji, anakwambia huo mchezo wa Wazungu, sisi wetu drafti na bao. Ukimweleza kwamba kuna watu wanavaa mavazi ya kifalme, wanasimama wenyewe kwenye ubao mkubwa uliochorwa chini, wao ndio kete, anacheka mpaka kahawa inamwagika: "Watu wazima na akili zao?"

Wa pili ni yule wa mjini, shabiki wa katuni na filamu, pamba kali, anajua majina ya mashujaa wote. Huyu anaupenda sana mchezo huo. Ila anataka taji liwe la Ulaya, upanga wa Ulaya na joho la Ulaya, la sivyo eti umeuharibu.

Wa tatu ni mkubwa wetu wa fasihi. Yeye hacheki wala hashangilii. Anakunja uso tu na kusema hayo ni mambo ya watoto, jarida la fasihi lina kazi nyingine.

Nawajibu wote watatu, na hoja yangu ni moja. Mtu akifanywa kete, kete hiyo inakuwa na mdomo. Na pale kete yenye mdomo inaponyimwa maneno, pana kazi ya mwandishi. Tuache kugombea nani avae taji. Tugombee nani anauandika mchezo.

Nieleze kwanza, maana si wote wameuona. Unachorwa ubao wa miraba 64 uwanjani au ukumbini, kila mraba mtu asimame vizuri bila kubanana. Wanapangwa watu 32, kumi na sita huku, kumi na sita kule: wafalme, malkia, maaskofu, farasi, ngome, na mbele yao askari wanane kila upande. Wachezaji wawili wanakaa juu vitini. Mtangazaji anashika kipaza sauti na kuita hatua, na aliyeitwa anasogea. Kwenye matamasha ya mashabiki kuna nyongeza ya kosplei, neno lililozaliwa Japani miaka ya 1980 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, vazi na mchezo. Kwa hiyo kete hailiwi kimya kimya. Panapigwa upanga wa mbao, mtu anaanguka, watu wanapiga kelele. Wengi wetu tumepata hamu hiyo kwa Harry Potter, kitabu cha 1997, ambamo watoto wanapanda wenyewe kwenye ubao. Kabla yake, mwaka 1871, Lewis Carroll alimtembeza mhusika wake Alice kwenye ubao wa sataranji, akianza kama askari na kuishia malkia.

Lakini mara nyingi mechi hizo hazichezwi kweli. Zimeshapangwa. Wanachukua mchezo wa zamani unaojulikana, wanaugawa hatua kwa hatua, na wale wawili vitini wanazuga tu kufikiri. Shika hilo, nitalirudia.

Mimi ni mtoto wa Bisibo, wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Nimesimama kwenye ubao huo mara moja, katika tamasha moja la mashabiki jijini Nairobi. Jina lake siliandiki, kwa sababu ugonjwa huu si wao peke yao. Nilifika na basi, miguu imevimba. Nikakuta vyeo vimeshagawanywa. Waliokuja na mavazi ya bei walikuwa wafalme na malkia na farasi. Sisi tuliotoka mbali tukapewa uaskari: gunia lililopakwa rangi ya fedha, kofia ya kadibodi, na mpini wa ufagio ndio mkuki.

Nikapangwa upande mweupe, pembeni kabisa. Kaka aliyekuwa anapanga watu akaniambia, "Simama hapa. Usiongee, usitikisike."

"Nitasogea saa ngapi?"

"Wewe husogei."

Nikadhani ananitania. Kumbe anasema kweli tupu. Walikuwa wamechagua mchezo wa Paul Morphy, kijana wa Marekani, aliocheza Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana upande mmoja. Wenye sataranji yao wanausifu mpaka leo, na wana haki. Ni hatua 17 tu, kama ngumi za bondia. Kwa kuwa ni mfupi na una damu, unafaa kwa watazamaji.

Sasa uhesabu kwa jicho langu, si kwa jicho la Morphy. Kuna askari 16 ubaoni. Kumi kati yao hawainui mguu tangu mwanzo hadi mwisho. Sita upande mweupe, wanne upande mweusi. Wamevaa, wamepakwa rangi, wamesimama kama nguzo za uzio, mchezo umekwisha, wanaambiwa asanteni. Mimi nilikuwa mmoja wa hao kumi.

Usidhani nalia wivu wa taji. Hebu mtazame mfalme mweusi katika mchezo huo huo. Alikuwa na taji linalometa na joho linaloburura. Hakusogea hata mraba mmoja! Alifungwa pale pale alipopangwa asubuhi. Malkia wetu mweupe, aliyekuja na gauni la kukodi, alitolewa sadaka hatua ya 16 ili ngome ipate njia ya kummaliza mfalme. Nani aliyemuuliza? Wote walikuwa wamebebwa na karatasi moja iliyokuwa mkononi mwa mtangazaji. Ndiyo maana nasema anayepigania kuwa malkia badala ya askari anapigania gunia lenye nakshi.

Na huku chini palikuwa na mambo, jamani. Viatu vilimbana malkia, akawa anapumzisha mguu mmoja baada ya mwingine chini ya gauni. Askofu alikuwa ananong'ona hesabu ya nauli ya kurudi. Farasi wa upande wa pili alikuwa hajala tangu jana, na alipoliwa alifurahi, akakimbilia kwenye mandazi. Jirani yangu, askari kama mimi, alikuwa na daftari la mashairi kiunoni, chini ya gunia. Nililiona likichungulia. Mtangazaji alikuwa na kipaza sauti na hakuliona. Alikuwa anachekesha watu kwa habari za wafalme.

Basi narudi kwa wagomvi wangu.

Wewe wa mjini unayesema vazi halisi ni la Ulaya, umesoma historia ya mchezo wako? Sataranji ilianzia India, ikiitwa chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Hapakuwa na malkia wala askofu. Uajemi wakaupokea, Waarabu wakaupokea, na kando ya mfalme akawa anasimama waziri, mzee wa mraba mmoja mmoja wa kimshazari. Ulaya wakambadilisha waziri akawa mwanamke, na kufikia mwisho wa karne ya 15 wakampa mbio alizonazo leo. Tembo naye Waingereza wakamvika kofia ya askofu. Wafaransa wanamwita mwendawazimu. Wajerumani wanamwita mkimbiaji. Warusi hadi leo wanamwita tembo. Kila aliyeupokea mchezo aliushonea nguo zake. Sasa sisi tuliofundishwa na mitumba kukata suruali ya mtu mwenye futi sita ikamtosha mtu wa tano, ndio tuambiwe nguo hii haigeuzwi?

Na wewe wa kijiweni unayesema mchezo si wetu, neno sataranji umelitoa wapi? Limetoka Kisanskriti, likapita Kiajemi na Kiarabu, likatua pwani yetu, nawe unalitamka bila mkalimani. Waajemi mfalme wa ubaoni wanamwita shah. Neno hilo tunalo. Bingwa wa washairi kwa Kiswahili tunamwita nani? Shaha wa malenga. Mfalme wa mchezo huu tumemkalisha kwenye kiti cha ushairi zamani, halafu unaniambia mimi mshairi nisikanyage ubao?

Tena ulipopiga bao jana hukuhesabu. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina miraba 64 na kete 32. Nambari zile zile, zimebadilishana viti tu. Tofauti kubwa iko kwingine. Katika bao hakuna kete yenye cheo. Zote ni sawa, na nguvu ya kete ni shimo ilipo na saa iliyofika. Na kete iliyoliwa haifi. Inapandwa upya upande wa aliyeila, mchezo unaendelea nayo. Kwenye sataranji aliyeliwa anatolewa nje. Mtu aliyelelewa na bao akiingia kwenye sataranji ya watu hai ana swali ambalo wenye mchezo hawajajiuliza: huyu aliyetolewa, sasa anakwenda wapi?

Nimebaki na wewe, mkubwa wangu wa fasihi. Shikamoo. Unauliza haya yana uzito gani. Nakujibu kwa habari za kwetu.

Wazee wetu walikuwa hai mwaka 1973 ilipoamriwa kwamba kila mtu wa kijijini ahamie kijiji cha ujamaa kabla ya mwisho wa 1976. Nchi nzima watu walihama, wengine kwa hiari, wengine kwa lori wasiloliita. Nia ya waliopanga iandikwe na wengine. Mimi nasema aliyepandishwa lori alikuwa na maneno, na maneno yake ni machache sana vitabuni.

Halafu Aprili 1994. Ndani ya saa 24 tu watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, jirani zetu. Benaco, pori ambalo hakuna aliyelijua, likawa moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Wakapangwa kwa mistari, wakapewa kadi, wakahesabiwa. Desemba 1996 ikaamuliwa warudi, na barabara ikajaa tena kuelekea Rusumo. Waandishi walikuja kutoka kila bara, wakapanda juu ya kilima, wakapiga picha kutoka juu. Ukizitazama picha hizo, watu ni vitone. Mwenye macho ya juu huona ubao. Kete moja moja haioni, wala haisikii.

Kwa hiyo mtoto wa Kagera akisimama kwenye mraba na kuambiwa "usiongee, usitikisike", hilo kwake si jambo la kitoto. Ni mchezo unaomkumbusha kitu. Tofauti ni kwamba mchezo unaweza kuandikwa upya.

Na mfano wa karibu tunao, pale Kampala. Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, alijifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende, akafika kuiwakilisha Uganda kwenye mashindano ya dunia. Habari yake ilipotoka kitabuni mwaka 2012, aliyeiandika ni Tim Crothers, Mmarekani. Mwaka 2016 Disney wakatoa filamu, Lupita Nyong'o akaigiza mama yake. Simlaumu Crothers. Alikuja, akasikiliza, akaandika. Nauliza tu: sisi tulioko mwendo wa basi kutoka Katwe tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunasubiri kuitwa na mtangazaji.

Sasa nitawapa dawa, na dawa yenyewe imetoka Ulaya, ili wa mjini asinikatalie. Italia kuna mji mdogo unaitwa Marostica. Kila mwaka wa namba shufwa, mwezi wa Septemba, uwanja wake unageuka ubao, mamia ya watu wanavaa mavazi ya karne ya 15, na watu hai wanacheza sataranji. Hadithi yao ni kwamba mwaka 1454 vijana wawili wa ukoo bora, Rinaldo na Vieri, walimpenda binti mmoja, Lionora. Wakataka kupigana mapanga. Baba mtu akawakataza, akaamuru wacheze sataranji, mshindi amwoe Lionora, atakayeshindwa apewe mdogo wake. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuona hayo.

Unajua hadithi hiyo ilitoka wapi? Mchezo wa kwanza uwanjani pale ulikuwa 1923. Halafu mwaka 1954 mwandishi mmoja, Mirko Vucetich, akakaa na kalamu yake akatunga kisa cha 1454. Kalamu ya mtu mmoja! Mji ambao usingeusikia katika maisha yako una jina duniani kwa sababu mtu wa kalamu hakukataa kazi ya "mambo ya watoto". Mkubwa wangu, umesikia?

Ila hata Vucetich simwachii hivi hivi. Katika kisa chake Lionora ni zawadi ya mshindi na mdogo wake ni kifuta machozi cha mshindwa. Ndiyo yale yale, kete zenye mdomo zimewekwa rafu. Na huko Leningrad, Julai 1924, walifanya sataranji ya watu hai kwenye uwanja mkuu wa mji, Romanovsky akicheza na Rabinovich, wakatumia wanajeshi na mabaharia wa kweli na farasi wa kweli. Mchezo ulienda saa zipatazo tano, ukaisha sare. Majina ya wachezaji wawili tunayo. Ya wale waliosimama juani saa tano hatunayo. Mapinduzi yalikuwa yamefanyika kwa jina la wanyonge, na ubaoni mnyonge bado alikuwa mnyonge.

Kwa hiyo tusiige Marostica, wala Leningrad, wala Nairobi. Tufanye ya kwetu, na tuifanyie Bisibo. Uwanja wa mpira upo, chokaa ipo, watu 32 wanapatikana kabla jua halijakolea.

Mavazi? Kagera na Buganda watu walivaa mbugu, nguo ya gome la mti, na utengenezaji wake nchini Uganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mfalme avae hiyo. Jirani zetu wa Karagwe, kwa Rumanyika, yule aliyempokea Speke mwaka 1861, hazina ya ufalme ilikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma. Tuache farasi wa kadibodi, tuweke ng'ombe mwenye pembe. Askofu arudi kuwa tembo kama alivyozaliwa. Ngome inayokwenda moja kwa moja bila kukata kona, si malori yanayopita wilayani kwetu kwenda Rwanda na Burundi? Iwe lori, na aliyevaa apige honi. Askari wavae wanavyovaa kila siku, maana hao hawaigizi.

Na kanuni mpya ziwe mbili tu. Ya kwanza: mchezo usipangwe. Tuwaite mabingwa wawili wa drafti, wale wa visoda chini ya mwembe, tuwafundishe mwendo wa kete mwezi mmoja, wacheze kweli, na asiwepo anayejua nani ataliwa.

Ya pili ndiyo yenye moyo wa ugomvi wangu. Kete ikiliwa, iseme. Kabla haijatoka ubaoni ipewe kipaza sauti na maneno yasiyozidi dakika moja, ya kwake, yaliyoandikwa na mwandishi kijana. Mwenye ng'ombe aseme. Lori liseme. Malkia anayetolewa sadaka aseme kama amekubali au hapana. Na askari asiyesogea mpaka mwisho apewe dakika mbili, kwa sababu amesubiri zaidi.

Mtaniambia mchezo utachelewa. Na uchelewe! Tangu lini tuna haraka ya kuona watu wakiliwa?

Hiyo ni kazi ya waandishi 32, si ya mmoja. Hakuna jarida linalochapa vijana 32 kwa mpigo, lakini uwanja wa mpira unaweza. Wewe unayelalamika kwamba wachapishaji hawakujibu barua, hapa hujibiwi barua, unapewa mraba. Chagua kete yako, uitafutie maneno. Ukisimama na kipaza sauti mbele ya mama zako, bibi zako na washikaji wa kijiweni, utajua saa hiyo hiyo kama maneno yako ni ya kweli au ni ya kuzuga. Uwanja haukopeshi makofi.

Yule wa kijiweni aje acheke, tena asimame karibu. Wa mjini aje na taji lake kama hawezi kuliacha, tutampa uaskari wa pembeni, pazuri sana pa kujifunzia. Mkubwa wetu wa fasihi tutamwekea kiti kivulini, ila kipaza sauti hatumpi mpaka aliwe.

Maneno ya askari wa pembeni nimeshayaandika, hayo msiyaguse. Yamebaki ya kete 31.